NYUMBA ISIYO NA MTU

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wafanyabiashara, nao huitikia kwa vichwa, kisha hurudi madukani mwao. Lakini yako mambo yenye thamani kupita mali, nayo pia hupotea bila habari endapo daftari lake limeandikwa kombo. Afya ya mtoto mdogo ni mojawapo. Kisa kifuatacho ni cha mama mmoja, karani wa takwimu katika ofisi ya umma kando ya Ziwa Mweru, ambaye alilifahamu jambo hilo kwa uchungu, na kosa lenyewe halikuwa kubwa kuliko tarakimu moja: sifuri.

ZIWA NA MBU WAKE

Mji wa Nchelenge uko katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Umeungana na Kashikishi, ilipo hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini, na mto Luvua hutoka upande wa kaskazini karibu na Pweto. Watu wa Nchelenge wengi husema Kibemba. Hata hivyo Kiswahili si kigeni huko. Wavuvi na wachuuzi wa Katanga huvuka nacho ziwani, na tangu mwaka 2018 kinasikika pia katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa wilayani humo kwa ajili ya watu waliokimbia machafuko ya Kongo. Karani wetu alikipata kwa mama yake mzazi, aliyeolewa kutoka Pweto, naye akakipeleka nyumbani kwa mumewe, konstebo wa polisi. Katika nyumba yao ndogo ya bati, Kibemba na Kiswahili hula sahani moja.

Ziwa hilo hulisha watu wengi. Usiku, mitumbwi hutoka na taa kuvua chisense, dagaa wadogo wa huko, na asubuhi mchanga wote wa ufuoni hung'aa kwa samaki walioanikwa. Lakini penye maji mengi na majani yaliyooteana, mbu nao hawakosi. Nchelenge inajulikana miongoni mwa watafiti kuwa mahali ambapo malaria haina likizo. Huwapo mwaka mzima. Mbu wa aina ya Anopheles funestus hupenda maji ya kudumu yenye mimea, kama mabwawa na vijito vinavyoelekea ziwani. Nduguye, Anopheles gambiae, hupenda vidimbwi vya mvua vipigwavyo na jua. Hivyo basi, kiangazi kina mwenyeji wake na masika yana mgeni wake, na mwanadamu hulipa kodi kwa wote wawili.

Wataalamu wa malaria humwita mbu wa namna hiyo kwa neno vekta, yaani mbebaji, kwa kuwa hubeba vimelea kutoka damu ya mtu huyu kuvitia katika damu ya mwingine. Karani wetu alilizoea neno hilo. Hakujua kwamba angekutana nalo tena mahali pengine, likiwa limevaa joho tofauti.

LUGHA YA HERUFI MOJA

Kazi yake ilikuwa kuandaa orodha za watu kwa kambi za wavuvi. Wahudumu wa afya wa vijijini walimletea madaftari yenye idadi ya watu kwa kila nyumba: nyumba ya kwanza watu 4, ya pili watu 2, na kadhalika. Yeye alipaswa kuigeuza idadi hiyo kuwa orodha ya mtu mmoja mmoja, kila mmoja kwa mstari wake, ili vioo vya damu visomwapo kwa darubini ya maabara, jibu liandikwe mbele ya mwenyewe. Orodha hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kugawa vyandarua, chandarua kimoja kwa kila watu wawili.

Kwa miaka kadhaa alifanya hivyo kwa mkono. Kurasa zilipozidi, alijifunza lugha ya kompyuta iitwayo R. Lugha hiyo ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland nchini New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, na herufi ya kwanza ya majina yao ndiyo iliyokuwa jina lake. Waliifuatisha na lugha iliyotangulia, iitwayo S, iliyobuniwa Marekani tangu mwaka 1976 katika maabara za kampuni ya simu ya Bell. Toleo la kwanza lililohesabiwa kuwa kamili lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Haiuzwi, kila mwenye kompyuta aweza kuichukua bure, naye karani wa Nchelenge huitumia sawasawa na profesa wa London.

Katika lugha hiyo, vekta si mbu. Ni safu ya vitu vya jinsi moja vilivyopangwa kwa utaratibu: safu ya namba, safu ya majina, safu ya tarehe. Uzuri wa R ni kwamba amri moja huishughulikia safu nzima, kama sajini aamrishapo mara moja na platuni yote ikageuka. Aidha, kutoka katika safu fupi yaweza kuzaliwa safu ndefu. Ukiandika 1:4, kompyuta hujibu 1 2 3 4. Karani alilipenda jambo hilo. Akaiagiza kompyuta ipite nyumba hata nyumba, na katika kila nyumba ihesabu kuanzia 1 hadi idadi ya watu wake. Orodha ya kurasa nyingi ilitoka kabla chai yake haijapoa.

MTU WA SIFURI

Zambia hufunga uvuvi kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaana. Katika miezi hiyo baadhi ya familia huziacha kambi za ufuoni zikaenda kulima mihogo bara. Nyumba hubaki na kufuli mlangoni. Ndivyo ilivyokuwa msimu ule. Mhudumu wa kambi moja, mzee mwaminifu, aliandika kama alivyoona: nyumba ya kwanza watu 4, ya pili 2, ya tatu 0, ya nne 3, ya tano 5, ya sita 1. Jumla watu 15.

Karani aliingiza namba hizo bila wasiwasi. Lakini R huweza kuhesabu kwenda mbele, na pia kurudi nyuma. Ukiandika 4:1, itajibu 4 3 2 1. Kwa hiyo ukiandika 1:0, haisemi kwamba hapana mtu. Huanza na 1, ikarudi nyuma hadi 0, ikakukabidhi vitu viwili: 1 na 0. Nyumba yenye kufuli ikapata wakazi wawili, mtu wa kwanza na mtu wa sifuri. Orodha ikawa na mistari 17 badala ya 15, na kompyuta haikulalamika hata kidogo, kwa kuwa ilikuwa imetii amri kama ilivyoamriwa.

Majibu ya maabara yalipofika, yalikuwa 15, yamefuatana kama watu walivyochukuliwa damu. Karani akayanakili katika safu ya mwisho ya orodha, moja baada ya jingine, kuanzia juu. Majibu 6 ya kwanza yalikaa mahali pake. Tangu hapo kila jibu likashuka chini ya mtu asiyestahili. Jibu la mzee wa nyumba ya nne na la mkewe yakaangukia nyumba yenye kufuli. Jibu la mjukuu wao, msichana wa miaka miwili, lililosema kwamba ana vimelea, likaandikwa mbele ya babu yake. Naye mtoto akapewa jibu la jirani wa nyumba ya tano, lililosema kwamba ni mzima. Mwisho wa ukurasa ikabaki mistari miwili mitupu, na karani akadhani ni watu waliokataa kutolewa damu.

Orodha ikapelekwa kambini siku ya Jumatatu. Mzee wa nyumba ya nne akameza dawa kwa utii, ijapokuwa alishangaa, kwa kuwa hakujisikia kuumwa. Jumanne usiku mjukuu wake akashikwa na homa. Bibi yake aliambiwa kwamba damu ya mtoto ni safi. Akaikanda kwa maji baridi homa aliyodhani ni ya meno.

Jumatano asubuhi mhudumu wa kambi alifika ofisini, akaamkia kwa kupiga makofi taratibu kama ilivyo desturi ya huko, akaketi.

"Mwanangu," alisema, "nimekuja kuuliza swali la kijinga. Hii nyumba ya tatu ina kufuli tangu uvuvi ulipofungwa. Hapa imeandikwa watu wawili, nao wamepimwa. Tena mmoja namba yake ni sifuri. Huyu mtu wa sifuri ni nani, baba yangu?"

Karani alitazama karatasi. Alianza kucheka, kisha kicheko kikamkauka. Alishusha kidole chake polepole, mstari kwa mstari, hadi kwa yule mtoto.

Yuko mtumishi ambaye angelikunja karatasi hiyo, akaahidi kuichunguza, akaandika nyingine kimya kimya. Mama huyu hakufanya hivyo. Alilifungua daftari la mhudumu, akayapanga majibu upya kwa mkono palepale, akamwambia mzee kwamba mtoto ndiye anayehitaji dawa wala si babu yake, na kwamba asisubiri gari. Mzee aliondoka kwa baiskeli. Kisha karani akaenda mwenyewe kwa mkuu wake, akasema, "Kosa ni langu, nami sijui bado limeenea kurasa ngapi."

GWARIDE

Jioni ile hakula. Mumewe alimkuta amekaa barazani, watoto wamemzunguka bila kusema neno.

"Mama watoto, kuna msiba?"

"Hapana, baba watoto. Kuna sifuri."

Alimweleza habari bila kutaja jina la mgonjwa wala la kambi, kwa kuwa siri ya ofisi huheshimiwa hata mezani pa askari. Konstebo alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kitu ambacho hakukusudia kiwe somo la kompyuta.

"Kwenye gwaride," alisema, "sajini akisema hesabu, seksheni ya kwanza husema moja, mbili, tatu, nne. Seksheni ya pili huanza upya: moja, mbili. Kama seksheni ya tatu iko doria, pale pana nafasi tupu. Hapana mtu atakayeita moja kwa niaba yake. Sajini hupita, akaenda ya nne. Tena kila askari ana vitu viwili: seksheni yake na namba yake ndani ya seksheni. Ukikosa kimoja, hujui ni nani."

Karani alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Kisha akainuka akaenda kuwasha kompyuta.

Kwa hakika, watengenezaji wa R walikwisha kulifikiria gwaride hilo. Ipo amri iitwayo sequence, ambayo hupokea safu ya idadi na kutoa hesabu inayoanza upya kwa kila kundi. Ukiandika sequence(c(4, 2, 0, 3, 5, 1)), jibu ni 1 2 3 4 1 2 1 2 3 1 2 3 4 5 1. Nyumba ya tatu hupitwa kimya, kama seksheni iliyo doria. Hizo ni namba za watu ndani ya nyumba zao. Kwa namba za nyumba, ipo amri ya kurudia, iitwayo rep. Ukiandika rep(1:6, c(4, 2, 0, 3, 5, 1)), utapata 1 1 1 1 2 2 4 4 4 5 5 5 5 5 6. Namba 3 haionekani popote, kwa sababu imerudiwa mara sifuri. Safu zote mbili zina vitu 15, sawa na jumla ya watu.

Tena kwa anayetaka kuhesabu nyumba moja tu, ipo amri seq_len. Ukiandika seq_len(4), hujibu 1 2 3 4. Ukiandika seq_len(0), hukurudishia safu tupu, isiyo na kitu ndani yake. Tofauti yake na 1:0 ni ndogo machoni, lakini ni ile ile iliyopo kati ya nyumba yenye kufuli na nyumba yenye vivuli viwili.

Usiku ule karani hakuishia hapo. Aliona kwamba hata orodha iliyo sahihi yaweza kuteleza ikiwa majibu yanafuata zamu tu. Kwa hiyo alichukua namba ya nyumba, akaizidisha kwa 100, akajumlisha namba ya mtu. Kwa kuwa R hujumlisha safu kwa safu, kila mtu alipata namba yake mwenyewe kwa amri moja: mtu wa tatu wa nyumba ya nne akawa 403. Namba hiyo sasa huandikwa juu ya kioo cha damu kabla hakijaondoka kambini. Kioo kikipotea njiani, hupotea peke yake, hakiburuti vingine.

Kisha akajiwekea sharti moja, akalibandika juu ya meza: hapana kuunganisha safu mbili kabla ya kupima urefu wake. Sharti hili lina sababu. R ikipewa safu ndefu na safu fupi iziunganishe katika hesabu, huirudia ile fupi tangu mwanzo hadi iijaze ile ndefu. Safu ya 6 na safu ya 4 zitatoa onyo, ingawa kazi itaendelea. Lakini safu ya 6 na safu ya 3 hazitoi onyo lolote, kwa kuwa 3 huingia ndani ya 6 mara mbili kamili. Ni kama platuni pungufu ambayo askari wake wa mbele, wakishahesabiwa, hukimbia nyuma ya mstari wakahesabiwa tena. Jumla itapendeza, lakini nusu ya jeshi ni hewa. Wakati mwingine tabia hiyo ina faida kubwa. Lakini mtumiaji aijue, isije ikamfanyia kazi asiyoiagiza.

FAIDA YA NYUMBANI

Ilimchukua karani siku mbili kuzipitia kurasa zote, na siku hizo usingizi ulimpitia mbali. Nyumba nyingine zenye kufuli zilionekana, na majibu mengine yaliyoteleza yakarudishwa kwa wenyewe. Katika kila nyumba tupu, orodha ya vyandarua nayo ilikuwa imeandika chandarua kimoja kwa ajili ya watu wawili wasiokuwapo. Wenyeji wa ufuoni wanafahamu chandarua kisicho na mwenyewe huishia wapi: aghalabu huishia ziwani kuvua chisense, na matundu yake madogo hayabagui samaki mzima na mtoto wake. Hivyo sifuri moja ingaliweza kudhuru nyumba mbili, ya binadamu na ya samaki.

Mtoto wa nyumba ya nne alipata dawa Jumatano hiyo hiyo mchana. Dawa ya mseto ya malaria iliyozoeleka huko, ya artemether na lumefantrine, humezwa mara 6 kwa siku tatu: mara ya kwanza, baada ya saa 8, kisha saa ya 24, 36, 48 na 60, zote zikihesabiwa tangu dozi ya kwanza. Karani, ambaye sasa aliona safu kila mahali, aliandika katika kompyuta c(0, 8, seq(24, 60, 12)), na saa zote sita zikatoka kwa mpango. Akazinakili kwa mkono juu ya kipande cha karatasi kwa Kibemba, asubuhi, jioni, asubuhi, jioni, akampa mhudumu ampelekee bibi. Hiyo ni safu fupi, lakini ndiyo yenye hatari kuliko zote kukatizwa. Wazazi wengi huacha dawa mtoto anapoanza kucheza. Vimelea vilivyosalia hungoja, kisha hurudi.

Ijumaa mhudumu alirudi ofisini. Hakuwa na swali. Alisema tu kwamba mtoto ameomba uji, akaukataa, akaomba samaki. Karani aligeuza uso kuelekea dirishani, ambako ziwa lilikuwa likimeremeta, akakaa hivyo kitambo.

Siku hizi, nyumbani kwa konstebo, watoto wamepangiwa zamu za kuosha vyombo kwa amri ya rep: 1 2 3, 1 2 3, hadi mwisho wa mwezi, na karatasi imebandikwa jikoni. Akina mama wenzake wa chilimba, chama chao cha kuchangiana fedha kwa zamu, nao wamemwomba awapangie orodha yao, na ugomvi wa nani amepokea mara mbili umepungua. Lakini kabla ya kubandika karatasi yoyote, karani huuliza swali moja, nalo limekuwa mzaha wa nyumba nzima: "Je, na asiyekuwapo, tumemwandikaje?"

Msomaji aliye askari amelijua swali hilo tangu siku ya kwanza ya gwaride, na mama wa nyumbani hulijua kila agawapo chakula cha jioni na sahani moja ikabaki. Kompyuta ni mtumishi mwepesi, na utii wake hauna kifani. Ndiyo sababu humtii hata aliyekosea. Ataandika wakazi ndani ya nyumba yenye kufuli bila kupepesa macho. Ni wajibu wa mwenye kalamu kuinuka kitini, aende hadi mlangoni, apige hodi, na akikosa mwitikio, aandike sifuri iliyo sifuri kweli.